Uchambuzi wa PipeWire: Kupanga Sauti kwenye Linux Mpaka Ikutii

Habari zenu, ndugu watazamaji, na karibuni. Hilo gitaa mlilolisikia kabla sijaanza kuongea lilipita njia ndefu. Liliingia kwa maikrofoni, likapita kwenye kichujio cha kuondoa mvumo wa feni, halafu likagawanyika: tawi moja likaenda kwenye programu ya kurekodi, jingine likarudi kwenye hedifoni zangu. Wakati huohuo kivinjari kilikuwa wazi, kinatoa sauti yake, na hakuna kilichomnyima mwenzake nafasi. Kazi yote hiyo imefanywa na PipeWire, programu ya Linux inayopitisha sauti na video kati ya programu na vifaa, na ndiyo ninayoichambua leo.

Kwa nini nimefurahi hivi? Waliotumia Linux zamani wanajua. Chini kabisa kuna ALSA, ambayo imo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, na ndiyo inayoongea na kadi ya sauti. Juu yake palikuwa na wakubwa wawili. Kwa matumizi ya kila siku kulikuwa na PulseAudio, iliyoanzishwa na Lennart Poettering mwaka 2004. Kwa wanamuziki kulikuwa na JACK ya Paul Davis. Kila mmoja alitaka kadi iwe yake. Ukiwasha JACK urekodi, video kwenye kivinjari inakuwa bubu. Nilikuwa na skripti ya kumlaza mmoja ili mwingine aamke, na kila nilipoisahau nilipoteza rekodi.

PipeWire ilianzishwa na Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat, na mwanzoni ilikuwa ya video. Ndiyo maana hadi leo ukionyesha skrini yako kwenye mkutano ukiwa na Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, picha inapitia humo. Sauti ilifuata baadaye. Fedora 34, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliifanya kuwa mfumo wake mkuu wa sauti mwaka 2021, na toleo la 1.0 likatoka Novemba 2023.

Sasa muundo wake, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. PipeWire inaiona sauti kama mtandao: nodi, milango ya kuingilia na kutokea, na viungo vya kuunganisha milango hiyo. Yenyewe haiamui nani aunganishwe na nani. Uamuzi huo ni wa programu ya pembeni, WirePlumber. Ukichomeka hedifoni, WirePlumber ndiyo inayosema muziki uhamie huko. Napenda sana mgawanyo huu, kwa sababu ukitaka kubadilisha tabia ya mfumo hugusi injini.

Na kuna jambo jingine la busara. Programu ya zamani iliyoandikwa kwa ajili ya PulseAudio inakutana na pipewire-pulse, inaongea nayo lugha yake ya siku zote, na haina habari kwamba mwenyeji amebadilika. Za JACK nazo zinapewa maktaba, yaani msimbo wa kuazima, inayofanana na ile zilizoizoea. Hakuna aliyelazimishwa kuandika programu yake upya. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya PipeWire kukubalika.

Tuje kwenye mipangilio. Neno la kulijua ni kwontamu, yaani idadi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) zinazochakatwa kwa mkupuo mmoja. Kawaida ni 1024, na kasi ni sampuli 48000 kwa sekunde. Gawanya: unapata kama milisekunde 21. Ukitazama filamu hutajua. Lakini ukipiga gitaa huku unajisikiliza, kidole kinatangulia na sauti inafuata nyuma, na mkono unaanza kusitasita. Ukishusha hadi 128, mkupuo unakuwa chini ya milisekunde 3. Gharama yake ni kwamba prosesa lazima imalize hesabu zote ndani ya muda huo mfupi, kila mara. Ikichelewa, sauti inapasuka.

Kwa majaribio, fungua terminali uandike:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128

Ukitaka kurudi ulikotoka, weka 0 badala ya 128. Huhitaji kuwasha upya chochote. Kisha fungua pw-top kwenye dirisha la pili, utazame safu ya ERR. Hesabu hiyo ikipanda, kuna mkupuo uliochelewa. Mimi nashuka kwa nusu, 512, 256, 128, na kila hatua naipa kazi nzito kwa dakika kadhaa. Makosa yakianza, napanda hatua moja na kubaki hapo. Kwenye kompyuta hii nabaki 128. Usishuke hadi 32 kwa kujionyesha tu.

Ukishapata namba yako, usiilazimishe mfumo mzima saa zote, maana prosesa itachoka bure na betri itaisha haraka. Iombe kwa programu moja. Ukiandika PIPEWIRE_LATENCY=128/48000 mbele ya jina la programu unayoifungua, kwontamu inashuka programu hiyo inapofanya kazi na kupanda ukiifunga.

Mipangilio ya kudumu inakaa kwenye faili dogo ndani ya ~/.config/pipewire/pipewire.conf.d/. Andika mistari unayoibadilisha tu. Wengi wananakili faili zima la mfumo, halafu sasisho likija wanabaki na mipangilio ya kale bila kujua. Mfano wa mstari wa maana ni default.clock.allowed-rates. Usipouweka, muziki wa kasi ya 44100 unabadilishwa kuwa 48000. Ukiweka [ 44100 48000 ], kadi inafuata kasi ya muziki wenyewe, mradi hakuna sauti nyingine inayocheza wakati huo.

Lawama zangu ni mbili. Ya kwanza, mambo mengi mazuri yamejificha kwenye maandishi. Kile kichujio cha kelele nilichotumia, RNNoise, kinakupa maikrofoni bandia ambayo kila programu inaiona kama ya kweli, lakini kukiweka kunahitaji uandike faili kwa mkono. Kwa kuunganisha viungo kwa kipanya kuna qpwgraph ya Rui Nuno Capela, nayo ni nzuri mno, isakinisheni mapema. Ya pili ni WirePlumber. Toleo la 0.5 la mwaka 2024 liliacha faili za mipangilio zilizoandikwa kwa lugha ya programu ya Lua, kwa hiyo mwongozo wowote wa kabla ya hapo unaokuambia uhariri faili la Lua usiufuate. Muundo mpya unasomeka vizuri zaidi, ila miongozo ya zamani bado imejaa kote.

Bluetooth niitaje kwa ufupi. Ukifungua maikrofoni ya hedifoni, sauti inashuka ubora kwa sababu inahamia kwenye hali ya simu. Hicho ni kikomo cha Bluetooth ya kawaida yenyewe. Tumia maikrofoni nyingine, tatizo linaondoka.

Je, nawashauri muitumie? Ndiyo, kwa moyo wote, hata kama hamrekodi muziki. Haya, sasa naishusha hadi 32 mbele yenu, kichujio kikiwa kinafanya kazi na gitaa likiwa mkononi. Itazameni safu ya ERR, na msogeze hedifoni mbali kidogo na masikio.