Ushauri nasaha chuoni kwetu: madam tano zote, benchi sifuri

Naandika hii kwa mnaoenda TP (mazoezi ya kufundisha) mwezi wa saba, maana mi nilichelewa kujua kama hii huduma ipo na ni bure kabisa. Chuo sikitaji, kipo hapahapa Dodoma, wenyewe mtakijua kwa benchi.

Nilipangiwa sekondari moja huko Bahi, fomu wani tisini na kitu darasa moja, wiki ya kwanza silali, kengele ikilia tumbo linakata, andalio la somo naliandika mara tatu na supavaiza anaweza kutokea siku yoyote. Boom (hela ya mkopo wa chuo) haijaingia, kwahiyo ni ugali na mlenda wa kukopa kwa mama wa jirani na shule (Mungu ambariki yule mama). Nyumbani ukipiga simu unaambiwa jikaze, ualimu wito.

Ijumaa nikaomba ruhusa nikapanda gari mpaka chuoni. Sasa huyu madam mshauri bana, hakunihubiria hata kidogo, kaniuliza tu unachoogopa ni watoto wasielewe au wewe uonekane hujui? Nikakosa jibu. Akanambia sio mimi tu, kuna mtafiti Mmarekani Frances Fuller aliliandika hilo tangu 1969, mwalimu mwanafunzi huanza na hofu juu ya nafsi yake, kuwawaza watoto kunakuja baadae. Halafu akanipa mambo ya Bandura, yule mwanasaikolojia wa kujiamini, lile somo la saikolojia tulilokariri tukafaulia mtihani bila kulielewa: kujiamini kunajengwa na kufanikiwa mwenyewe hata kidogo, kumuona wa rika lako akiweza, kutiwa moyo, na mwili wako ulivyo. Akanituma nikakae nyuma ya darasa la mwenzangu wa Kiswahili, na nisiingie kipindi na njaa. Hii ya njaa ndo ilinimaliza, kumbe ile mikono kutetemeka dakika arobaini nzima nusu yake ilikuwa tumbo tupu, mi nadhani sifai kuwa mwalimu!

Ubaya sasa. Ukirudi shule uliyopangiwa hakuna anayekupigia hata simu, yani kipindi unachomhitaji zaidi ndo humpati. Na benchi la kusubiria liko korido moja na foleni ya mikopo, darasa zima linakuona, nilitaka kugeuza.

Nyota tatu na nusu. Nendeni Jumatano mchana foleni inakuwa imepungua, na ukiulizwa sema unafatilia boom, mi ndo nilivyosema.