Mbolea ya ganda, urea au samadi: ununue ipi kwa bustani ya kumwagilia Dodoma?

Anayelima nyanya kwenye mchanga wa Dodoma huilipia urea mara mbili: kwanza dukani, kisha shambani, maji yanapoishusha chini ya mizizi. Ikiachwa juu ya udongo mbichi chini ya jua letu, nyingine hupaa hewani ikiwa amonia. Ndiyo maana naitetea mbolea ya ganda, ile ambayo kila punje imevikwa utando wa plastiki na huachia virutubisho kidogo kidogo. Ila ni ghali, na si ya kila zao.

Kwa nyanya na hoho naiweka ya kwanza: NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya ganda ya miezi mitatu hadi minne. Mazao haya hukaa shambani muda mrefu na huchumwa wiki baada ya wiki, yanataka kulishwa muda wote huo. Kabla ya kulipa, soma siku zilizoandikwa kwenye mfuko. Siku hizo hupimwa kwa joto la nyuzi 21 au 25, na joto ndilo linaloharakisha virutubisho kutoka kwenye ganda. Udongo wetu wa Oktoba na Novemba ni moto kuliko hapo, kwa hiyo ya miezi minne itaisha mapema. Mimi kwa zao la miezi mitatu huchukua ya minne. Ifukie sentimita 5 hadi 8 karibu na tundu la bomba la matone. Ukiiacha juu, maji ya mfereji huisomba. Na ujue maganda hubaki udongoni, jambo ambalo silipendi.

Ya pili, inayowafaa wengi wetu, ni urea au CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) kwa awamu. Kizibo cha soda kisichojaa kwa mche, mara tatu au nne, ifukiwe, kisha maji ya kiasi. Linganisha bei kwa kilo ya naitrojeni, usilinganishe kwa mfuko. Mfuko wa kilo 50 wa urea ya asilimia 46 una kilo 23 za naitrojeni. CAN ya asilimia 26 ina 13. Urea ya ganda ya asilimia 44 ina 22. Ukiwa mkulima uliyesajiliwa, ulizia mbolea ya ruzuku.

Ya tatu ni samadi iliyoiva, peke yake au pamoja na FOMI, mbolea ya samadi iliyochanganywa na madini, inayotengenezwa pale Nala, Dodoma. Lakini kwa mchicha na chainizi naipandisha juu ya zote: mboga hizo huvunwa ndani ya mwezi hivi, ganda likiwa bado limeshika mali yako.

Ya mwisho ni urea ya ganda la salfa. Ganda lake hupasuka kwa kubebwa na kurushwa, nyingi ikatoka mapema.

Vitunguu vina shauri lake. Naitrojeni ya mwishoni huvinenepesha shingo na vikaoza ghalani, basi chagua ya ganda itakayokwisha wiki kadhaa kabla ya kuvuna, au baki na urea ya awamu.

Ukiuziwa mbolea ya ganda ya kupimwa kwa kilo, anza na kilo moja. Tia punje chache kwenye glasi ya maji. Urea tupu huyeyuka kabla hujamaliza chai. Zenye ganda zima utazikuta kesho yake bado ni punje. Zikiyeyuka, usirudi kununua mfuko.