Kithai baada ya herufi: vitabu nilivyonunua na kilichonisaidia kusoma

Mimi ni dalali wa vito, mzaliwa wa Arusha, na huu ni mwaka wa tatu naishi Chanthaburi, mashariki mwa Thailand. Ijumaa hadi Jumapili mji huu unageuka soko la mawe: wanunuzi wanakodi meza, sisi madalali tunapita na vikaratasi vyetu vya spineli na rubi, na Waafrika si wachache. Kuongea nilifundishwa na hizo meza. Kusoma ndiko kulikonitoa jasho, na pesa.

Herufi zilinichukua miezi miwili. Konsonanti ni 44, mbili kati yake hazitumiki tena. Irabu zinakaa mbele, nyuma, juu au chini ya konsonanti, kisha kuna toni tano, yaani namna tano za kupandisha na kushusha sauti. Vitabu vya hatua hiyo vimejaa tele. Balaa huanza siku unapokiweka kando kitabu cha herufi ukafungua gazeti. Nilijiona kama mtoto wa chekechea aliyeitwa kutoa ushahidi mahakamani.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni kitabu chenye maandishi "kiwango cha kati" kwenye jalada, baht 600 na ushee. Kila mstari wa Kithai ulikuwa na matamshi yake chini kwa herufi za Kilatini. Jicho ni vivu, likipewa njia ya mkato halirudi barabarani. Nilisoma kurasa 40 kwa raha zangu, kisha nikabandika karatasi juu ya ile mistari ya Kilatini nikakuta sijui kitu. Na hadithi zenyewe zilikuwa za mtalii anauliza njia, mtalii anaagiza chakula, mtalii amepoteza begi. Nimekigawa.

Cha pili kilikuwa programu ya simu ya kulipia kila mwezi. Hii ilikuwa na hadithi nzuri kweli, tatizo ni kwamba waliyatenganisha maneno kwa nafasi ili kumrahisishia mgeni. Kithai cha kawaida hakina nafasi kati ya neno na neno. Nafasi huja kishazi kikiisha au sentensi ikiisha, na kujua neno linakatikia wapi ndiyo kazi nzima ya msomaji wa ngazi yangu. Kwa hiyo nililipia miezi minne ili nifanyiwe kazi niliyotakiwa kuifanya mwenyewe.

Nitoe mfano mmoja. Siku moja nilikuwa nasoma kwa sauti barazani kwa mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote tunamwita Pa, yaani mama mkubwa. Nikafika kwenye นั่งตากลม. Nikasoma "nang ta klom": ameketi, macho ya mviringo. Pa akacheka mpaka akashika ukuta. Herufi ni zilezile, ila unakata mbele kidogo: "nang tak lom", ameketi anapunga upepo. Hakuna alama yoyote inayokuambia ukate wapi, ni sentensi nzima ndiyo inayoamua. Tangu siku hiyo kitabu chochote kinachonikatia maneno sikinunui.

Pa ndiye aliyeniuliza kwa nini sisomi walichosoma wao shuleni. Akanitajia Mani, Mana, Piti na Chuchai, watoto wa vitabu vya Kithai vya shule ya msingi vilivyotumika nchi nzima kuanzia 1978 hadi 1994. Ni vitabu 12, viwili kwa kila darasa. Ilibidi nipoteze Jumamosi moja ya soko nipande basi hadi Bangkok, kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba pale Chatuchak. Wauzaji wanajua watu wazima wanavitafuta kwa kukumbuka utoto, kwa hiyo bei inategemea sura yako. Yangu haikunisaidia.

Lakini hivi vitabu, jamani! Cha kwanza ni maneno mafupi tu, nilikimaliza jioni moja. Kisha maneno yanaongezeka kidogo kidogo, na wale watoto wanakua pamoja na wewe hadi darasa la sita. Ni kijiji, shule, mbwa, mvua, jirani mgonjwa. Kwa sisi Waswahili kuna raha nyingine: majina ya kuitana ndugu yanajali nani mkubwa nani mdogo kama tunavyosema mama mkubwa na mama mdogo, na kuna alama ๆ inayokuambia urudie neno, kwa hiyo "cha" ikifuatwa nayo inakuwa "cha cha", polepole kabisa. Piti ana farasi mzee. Sitasema zaidi, ila Pa alinionya niwe na leso, nami nikamdharau.

Kasoro ipo. Kijiji kile ni cha zamani, hutakuta maneno ya simu za mkononi. Chapa nayo ni ile ya shule, kila herufi na kijiduara chake, ilhali mabango ya mjini yameondoa viduara: น inafanana na u, ร inafanana na S. Hilo nililitibu kwa kusoma mabango ya madukani na migongo ya pakiti za tambi, na ndiyo, tambi zinazopendwa huku zinaitwa Mama. Neno likinishinda naliandika kwenye Longdo, kamusi ya mtandaoni isiyo na malipo.

Gazeti bado tunapigana. Vichwa vya habari vimejaa vifupisho: กทม. ni Bangkok, ส.ส. ni mbunge, ด.ช. ni mtoto wa kiume. Habari za ufalme zina msamiati wake kabisa, ambamo hata kitenzi cha kwenda kinabadilika. Habari za ajali na za bei ya tunda la durian nazisoma zikaeleweka. Siasa naiacha kwa sasa.

Kama ukishavuka herufi una pesa ya kitu kimoja tu, tafuta hivyo vitabu vya shule, na uanzie cha tatu. Ila usiviache barazani. Pa alichukua cha saba "aangalie picha tu", wiki ya pili hii, na juzi nimemkuta na leso. Nimeruka, niko cha nane.