Dawati la msaada Eastlands: masikio mazuri, rufaa mbovu

Dawati hili la ustawi wa jamii liko ndani ya ukumbi wa mtaa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Jogoo Road. Jina tunaliacha, maana makosa yake utayakuta katika madawati mengi ya aina hii Nairobi. Huduma ni bure. Wahudumu ni wawili tu: mshauri nasaha na karani wa mapokezi.

Tuanze na viti. Benchi la kusubiri limesogezwa hatua kama nane kutoka mezani, na katikati kuna redio inayolia kwa sauti ya chini. Redio hiyo si ya kuburudisha. Inamzuia anayengoja kusikia ya mwenzake. Mezani, mteja na mshauri hawatazamani uso kwa uso. Viti vimekaa kimshazari, na cha mteja ndicho kilicho karibu na mlango. Mtu aliyetoka kupigwa nyumbani hapendi kuzibiwa njia. Aliyepanga chumba hiki anaijua kazi.

Mshauri hashiki kalamu mwanzoni. Anajitambulisha, anaeleza kazi yake, kisha anataja mpaka wa siri: tutakayozungumza yanabaki hapa, ila kama kuna mtoto anayeumizwa, au maisha yako au ya mwingine yako hatarini, itanibidi nimhusishe mtu mwingine, na wewe utajua kwanza. Madawati mengine huruka hatua hii. Mteja huahidiwa siri isiyo na mwisho, afisa wa watoto akiitwa anajiona amesalitiwa, na hapo ndipo anapopotea.

Baada ya hapo ni swali moja, "Umekuja na lipi leo, mama?", halafu kimya. Kimya hicho ndicho ujuzi wenyewe. Watu wengi huanza na jambo jepesi, basari au unga, wakipima kama wewe ni mtu wa kuambiwa zito. Chukua shosho anayelalamika kwamba pesa za serikali za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, hazimfikii. Jibu rahisi ni kumwelekeza kwa chifu. Hapa anaulizwa kwa upole: kitambulisho na simu yako vinakaa na nani? Akijibu kwamba vinakaa na mjukuu, kisha akainama kutazama leso yake, basi shida si mtandao tena. Mshauri hamkimbilii mjukuu kwa hukumu. Anauliza shosho mwenyewe angependa nini kifanyike, kwa sababu jioni atarudi kulala nyumba hiyo hiyo.

Neno "kwa nini" hulisikii sana mezani. "Kwa nini hukuondoka?" ni mashtaka hata likisemwa kwa sauti ya asali, "Siku hiyo ilikuwaje?" linafungua mdomo. Na mteja akisema "alinichapa", fomu inaandikwa "alinichapa", wala si "alidhulumiwa", neno ambalo hakulisema na ambalo wakili atalichezea baadaye.

Sasa karani. Yeye hubomoa yote hayo kabla hujakaa. Anauliza "Shida yako ni gani?" ukiwa bado mlangoni, benchi zima likisikia. Anadai kitambulisho kwanza, na asiyekuwa nacho, ambaye mara nyingi ndiye mwenye shida kubwa zaidi, anageuka na kwenda zake. Daftari lake limelala wazi juu ya meza, lina safu ya majina na safu ya shida, na kila anayetia sahihi anasoma ya waliomtangulia. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019. Haina huruma kwa daftari kama hilo. Dawa ni nambari badala ya jina, na maelezo ya shida yakae kwenye faili lenye kufuli.

Tatizo kubwa zaidi ni rufaa, yaani kumpeleka mteja kwenye ofisi nyingine itakayomsaidia. Mteja anapewa kikaratasi chenye jina la ofisi, basi. Hakuna simu inayopigwa mbele yake, hajui atamuuliza nani, na nauli hakuna anayeitaja. Rufaa inayoshika huwa na vitu vinne: jina la atakayempokea, saa, njia ya kufika, na simu ya kuhakikisha kama alifika. Kabla ya simu hiyo uliza namba ipi ni salama na nani hupokea. Mume akiipokea, jitambulishe kama mtu wa chama.

Kwa aliyebakwa, mpangilio wa dawati hili ni hatari: anatumwa polisi kwanza. Inapaswa kuwa hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Humezwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufaa hadi saa 120. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi; ndani ya plastiki unyevu huozesha ushahidi. Matibabu hayangoji fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kueleza majeraha, na fomu hiyo haiuzwi. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa ukutani. Namba za bure, 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, zimebandikwa nyuma ya mlango, mahali zinapoonekana mlango ukifungwa tu.

Ukiwa na suala la basari, vyeti, ugomvi wa familia au msiba unaokulemea, nenda. Fika mapema, sema "ni jambo la faragha" karani akikuuliza, na usiondoke na kikaratasi kisicho na jina la mtu. Ukiwa na jeraha au umebakwa, pita moja kwa moja hadi kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia (GVRC) cha Nairobi Women's Hospital, kinachohudumia waathiriwa bure tangu 2001, au Hospitali ya Kenyatta. Mshauri wa dawati utarudi kumwona wiki inayofuata, na kwa hilo hatuna wasiwasi naye.