TAHADHARI: Matairi yaliyochongwa upya yanauzwa Gerezani kama mapya

Jamani, yeyote anayejiandaa na safari na anatafuta matairi madogo ya inchi 13 pale Gerezani, asome hii kabla hajatoa hela. Kuna jamaa anauza mizoga. Kanipiga mimi, mnayenijua nimekulia gereji, na hasira niliyonayo hainipi usingizi.

Ile Corolla yangu KE70 mnaijua. Ilikuwa imekamilika: breki za mbele mpya, rejeta imezibuliwa, feni ya umeme imefungwa, hata ndoano ya kuvutia tela fundi aliichomelea upya akaiwekea bamba kwa chini. Yalibaki matairi ya tela tu. Tela lenyewe si kubwa, la mahema, jiko la gesi na madumu ya maji.

Duka lake si kibanda. Nilimwambia naomba ya bei ya chini, maana ni ya tela. Akatikisa kichwa. Akayagonga kwa kidole mawili yaliyoning'inia mlangoni: "Haya nikikuuzia utakuja kunilaani. Unabeba familia, kaka yangu?" Nikamwambia mke na watoto, mpaka Mbeya. Akaingia stoo mwenyewe, akatoka na mawili yaliyozungushiwa nailoni, stika ya rangi iko juu, yanang'aa. Muuzaji anayekukataza bidhaa yake ya bei rahisi, nani asingemwamini? Nikapitisha kucha kwenye mifereji, kina kipo. Nikanusa, yananukia mpira mpya. Akaniuliza uzito wa tela likiwa na mzigo, akanionyesha namba 88 ubavuni, akasema kila moja linabeba kilo 560. Na ni kweli, 88 maana yake ni hiyo. Mtu anayejua kazi yake hivyo utamdhania tapeli? Tukaanzia 260,000, akashuka mpaka 240,000 kwa yote mawili, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hapo hapati kitu. Akayafunga kwenye rimu na kuyajaza upepo kwa mkono wake, akayafuta kwa kitambaa. Risiti akaniandikia ya mkono, eti mashine ya EFD mtandao umekata.

Chalinze, Morogoro, safi. Tumeingia Hifadhi ya Mikumi, kile kipande cha kilometa 50 ambacho huwezi kusimama popote hata kuchimba dawa, tela likaanza kuyumba. Nikapunguza mwendo. Kisha kishindo, kama nyundo imepiga bati. Kashata yote, ule mpira wa juu unaokanyaga barabara, ilikuwa imebanduka, nyaya za chuma zinachapa madigadi. Watoto wanalia ndani ya gari, mimi niko chini na jeki, tembo wako ng'ambo ya barabara, na malori ya Tunduma yananipita karibu kunivua shati. Lingesubiri tufike mlima Kitonga, leo mngekuwa mnachanga rambirambi.

Mikumi mjini fundi akalitazama lile la pili, akachovya kitambaa kwenye petroli akalifuta. Weusi wote ukabaki kwenye kitambaa. Chini yake nyufa ubavu mzima, na ndani ya mfereji waya unachungulia. Ni matairi yaliyokuwa kipara, yakachongwa kashata upya kwa kisu cha moto, yakapakwa rangi. Alipolivua kwenye rimu tukakuta upande wa ndani, pale panapoandikwa wiki na mwaka wa kutengenezwa, pamesuguliwa kwa msasa. Ndiyo maana alikuwa na haraka ya kuyafunga mwenyewe!

Nimempigia simu. "Kaka, ulizidisha mzigo." Mzigo gani? Mahema? Akanibloku.

Mtu huyu asitozwe faini kesho akafungua duka kama kawaida. Afungwe. Stoo yake ikaguliwe mbele ya watu na kila tairi lililomo likatwe vipande. Aliniuliza kama nabeba familia, nikamjibu, na bado akaniuzia! TBS, watu wa viwango, mko wapi? Tume ya Ushindani mko wapi? Nimeshafungua RB na jina lake polisi wanalo.

Mnaonunua wiki hii: geuzeni tairi pande zote mbili kabla halijafungwa, tafuteni maandishi ya DOT, someni tarakimu nne za mwisho, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa hazipo, ondoka. Ubavuni kuna herufi TWI, alama ya kikomo cha kulika kwa tairi, fuata usawa wake mpaka ndani ya mfereji utaona kinundu. Kikiwa kimekatwa, hilo limechongwa. Na kitambaa chenye petroli, akikataa usifute unajua tayari.

Picha za matairi na risiti ninazo. Aliyeuziwa hapo aje inbox tuunganishe kesi, na mwenye ndugu TBS aniunganishe naye leo, kabla jamaa hajahamisha mzigo.