Mkanda wa bati dhidi ya panya: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu kwenye minazi na mipapai

Naishi Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Uani kwangu pana minazi mitatu ya kienyeji, mipapai minne, mchungwa aliouotesha marehemu mama mkwe, mkomamanga mmoja, na mwembe dodo ulio mpakani na jirani. Si shamba, ni ua tu. Lakini ua huo ndio unaotupa nazi za kupikia mwaka mzima na mapapai ya wajukuu, kwa hiyo panya walipouvamia mwaka 2023 niliumia kama mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake.

Mwanzoni niliwasingizia popo. Kila asubuhi nikifagia nakuta vitale, yaani nazi changa, vitatu, vinne, wakati mwingine vitano, vimeanguka chini ya mnazi ule ulio karibu na jiko. Kila kimoja kina tundu la mviringo karibu na kikonyo, pana kiasi cha kupitisha vidole viwili, na ndani hamna kitu. Ule ute mtamu umekombwa wote. Machungwa nayo nilikuta makaka yananing'inia mtini, ukiyatazama kwa mbali unadhani ni matunda mazima. Mtoto wa mdogo wangu, aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro ambako panya wanachunguzwa kwa miaka mingi, alikuja likizo akaokota kitale kimoja, akapitisha kidole ukingoni mwa tundu.

"Mama mkubwa, popo hatoboi nazi," akaniambia. "Ona hizi alama mbili mbili za meno. Huyu ni panya wa paa."

Akanieleza kwamba panya wa paa ni mkwezi hasa, mwembamba, mkia mrefu kuliko mwili. Popo akila embe au papai hutafuna, akanyonya maji, akatema makapi chini. Panya hutoboa, akaingiza kichwa na kufukua. Tangu siku hiyo nikajua napambana na nani.

Niseme kwanza nilivyopoteza fedha, maana ndivyo wengi tunavyoanza. Nilinunua sumu ya unga kwenye kipakiti kisicho na maandishi yoyote, kutoka kwa kijana anayepita na beseni. Nikaichanganya na dagaa. Panya wawili walikufa, mmoja juu ya dari ya chumba cha watoto, tukanuka siku tisa. Paka wa jirani naye akafa wiki hiyo hiyo. Sikuweza kuthibitisha, lakini nilikwenda kuomba radhi, na nilipotoka pale sikuinunua tena. Ukilazimika kutumia sumu, nunua dukani yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu, uiweke ndani ya kisanduku chenye tundu dogo ambalo kuku, paka na mtoto hawafikii. Zile zinazozuia damu kuganda haziui papo hapo, panya huchukua siku kadhaa na katika siku hizo anaweza kuliwa na paka au bundi. Mimi kwenye ua wenye wajukuu sitaki.

Gundi ya panya nayo ilinikamatia mjusi na kifaranga. Kifaranga nilimsafisha kwa mafuta ya kula, akapona, lakini manyoya ya ubawa mmoja yalitoka. Nje gundi inashika vumbi, siku ya pili haina kazi.

Mtego wa kubana ulifaa zaidi. Ujanja wake ni subira: panya wa paa anaogopa kitu kipya, hivyo uache mtego umelala bila kutegwa usiku mbili tatu, na chambo juu yake, azoee kula pale. Kisha ndio utege. Mimi nilitumia kipande cha nazi iliyobanikwa, nikakifunga kwa uzi ili asikinyakue na kukimbia. Nilipata wanne wiki ya kwanza, mmoja wiki ya pili, kisha kimya, na vitale vikaendelea kudondoka. Mimba ya panya ni wiki tatu tu, na jike huzaa watoto sita, saba, nane kwa mkupuo. Kwa mitego mitatu utawamaliza lini?

Ndipo nikageukia bati. Wazo si langu, wenye mashamba ya minazi wanalijua zamani: unafunga shina kwa mkanda wa bati laini ambao makucha ya panya hayashiki, akifika hapo anateleza. Februari 2024 nilinunua bati moja lisilo na migongo, futi nane kwa tatu, shilingi 32,000. Fundi akalipasua kwa urefu likatoa vipande viwili vya upana wa sentimita 45 hivi, kila kimoja akakikata katikati. Mikanda minne kwa bati moja. Minazi yangu mzunguko wake hauzidi sentimita 90, ikabaki ziada nzuri ya kupandanisha. Kazi yake ilikuwa shilingi 10,000, pamoja na waya wa kufungia nondo.

Tuliufunga mkanda urefu wa mita mbili kutoka chini. Nilimkataza fundi kupiga misumari mingi kwa sababu jeraha la mnazi halifungi kama la mwembe. Linabaki hivyo hivyo, maji yakaingia. Waya mmoja juu, mmoja chini, umekazwa kwa koleo, na ncha zimekunjwa ndani zisichane mtu.

Hapo tulikosea mambo mawili ambayo hakuna aliyenitahadharisha.

Kosa la kwanza: minazi yetu ina ngazi, zile pengo zinazochongwa na wakwezi za kukanyagia. Bati likipita juu ya pengo linaacha uwazi nyuma yake, na panya anahitaji uwazi mdogo tu. Usiku wa tatu nilimulika tochi nikaona mkia unaishilizia nyuma ya bati, kisha yule panya akatokea upande wa juu kama mtu aliyepita mlango wa uani. Tulifungua upya, tukajaza pengo kwa wavu wa kuku uliokunjwakunjwa, tukafunga tena. Usijaze kwa makumbi wala matambara, watayatafuna.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Wiki mbili baada ya kuziba pengo, vitale bado vinaanguka. Nilikaribia kulichukia bati. Nikamwita mkwezi wetu, mzee wa makamo ambaye ameikwea minazi ile tangu mume wangu akiwa kijana. Alipofika kwenye mkanda alisimama, akaugonga kwa kiganja.

"Shangazi, hili bati litanivunja mguu."

Tukamletea ngazi ya mbao ya kuvukia. Akapanda mpaka kileleni, akaanza kuangusha makuti makavu na makarara, yale maganda makavu ya maua ya mnazi, kisha akanyamaza. Akaita niondoe watoto pale chini. Ndani ya kilifu, ule wavu wa nyuzi unaozunguka mashina ya makuti, karibu na vikonyo, palikuwa na kiota kimejazwa nyuzi na vipande vya kanga yangu ya zamani, na watoto watano wekundu wasio na manyoya. Yaani mimi nilikuwa nimewafungia panya juu pamoja na chakula chao, nikawalinda na paka! Alisafisha minazi yote mitatu siku ile, nikamlipa mara mbili ya kawaida na sikujuta.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu: usafishe mnazi kwanza, kisha ndio ufunge bati, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Baada ya hapo minazi miwili ilitulia kabisa. Wa tatu, ule wa karibu na jiko, ukaendelea kutoa kitale kimoja kimoja. Nilikesha nao. Saa tano usiku, mbalamwezi imetoka, namwona panya anatoka kwenye paa la jiko, anatembea juu ya kamba yangu ya kuanikia nguo, mkia ukiyumba huku na huku, mpaka kwenye mnazi. Kamba ilikuwa imefungwa juu ya bati! Nilikuwa nimemjengea daraja kwa mikono yangu. Asubuhi nikaihamishia kwenye nguzo mbili mbali na miti. Pia nilipunguza matawi ya mchungwa yaliyogusa bati la jiko, na makuti yaliyofika kwenye mwembe. Panya huyu anaweza kuruka zaidi ya mita moja kwenda mbele, kwa hiyo acha nafasi ya mita mbili kati ya mti na paa, ukuta, waya au mti mwingine. Kwangu hii ya kukata madaraja ilikuwa nusu ya kazi yote, na haina gharama zaidi ya panga na jasho.

Toka Aprili 2024 mpaka sasa minazi yote mitatu haijanipa kitale kimoja chenye tundu la panya. Vidaka, vile vichanga kuliko vitale, vinaanguka vyenyewe, hilo la kawaida, lakini ukivishika ni vizima.

Mipapai ina masharti yake. Shina lake ni laini na linanenepa, tofauti na mnazi ambao unene wake haubadiliki. Msumari utauozesha. Nilitumia vipande vya bati nikavifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli badala ya waya, ili uvutike shina linapokua, na kila baada ya miezi miwili navilegeza. Nimefanya hivyo kwa mipapai miwili mirefu tu, mkanda ukianzia futi tatu kutoka chini. Ile miwili mifupi matunda yananing'inia karibu na ardhi, bati halina pa kukaa. Hayo nayachuma yakionyesha mstari wa kwanza wa njano, nayaivishia ndani. Kuyavisha viroba nilijaribu. Walivitoboa usiku wa kwanza.

Ubaya wa bati? Upo. Huku pwani hewa ina chumvi, na waya wa nondo umeshika kutu ndani ya mwaka, nimeubadilisha mara moja. Bati lenyewe bado zima ila linapoteza mng'aro, na likishika vumbi na ukungu panya anaweza kupata pa kukanyaga, hivyo nalifuta kwa kitambaa chenye sabuni kila mwezi. Ndani yake sisimizi na mende hupenda kukaa. Na mkwezi bado ananung'unika kuhusu ngazi, nami namwelewa, mguu ni wake.

Jambo moja nawaomba wenye watoto. Papai au embe lililotobolewa msikate upande mzuri mkawapa. Mkojo wa panya unaweza kubeba bakteria wa leptospira, wanaoleta ugonjwa unaopiga ini na figo. Mimi tunda la namna hiyo nalifukia. Matunda yaliyodondoka naokota jioni kabla giza halijaingia, si asubuhi, maana panya anakula usiku na akikuta karamu chini atakaribisha ukoo wake.

Mwembe sikuufunga kwa sababu umeshikana na mti wa jirani, na bila yeye kukubali kukata matawi yake ni kazi bure. Tumezungumza, amesema baada ya msimu wa maembe.

Mkomamanga ndio bado unanishinda. Una mashina manne kutoka ardhini na mfupi, bati haliwezekani. Komamanga haliivi tena likishachumwa, kwa hiyo nikiwahi nakula chachu, nikisubiri nakuta ganda tupu lenye tundu. Sasa nimeweka mitego ya kubana miwili kando ya ukuta nyuma yake na nimefyeka majani yote chini. Msimu uliopita nilivuna kumi na moja kati ya thelathini na kitu. Mwenye mkomamanga uani aliyefanikiwa bila sumu, naomba aandike alifanyaje.