Historia kidogo kila siku: barazani au makumbusho?

Hapa Lamu mjadala huu hauishi. Barazani hulipi kitu, na utasikia yasiyobandikwa ukutani: nasaba za mitaa, majina ya majahazi, beti za Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, zenye ladha yake. Ila tarehe huteleza. Vita vya Shela, Lamu dhidi ya Pate na Mombasa, vya mwanzoni mwa karne ya 19 mmoja huvisogeza huku, mwingine kule. Kwa tarehe, makumbusho hushinda, ingawa kuna kiingilio: Vasco da Gama alitia nanga Malindi 1498, UNESCO ikauorodhesha mji wetu kuwa Urithi wa Dunia 2001. Maandishi hubaki, mzee akifariki huondoka na yake, na hilo laniuma sana. Mwanafunzi wa mtihani aanzie makumbusho. Mwenye babu jirani na simu mkononi akae barazani, arekodi.